Topido inayojiongoza ni nini, na inatumikaje kwenye mchezo wa nyambizi

Topido inayojiongoza ni silaha ya chini ya maji yenye masikio. Ikishatoka kwenye mrija wa nyambizi unaoirusha, hukimbia kidogo kwa njia uliyoipangia, kisha huanza kusikiliza na kugeuza usukani wake yenyewe kuifuata sauti inayozidi nyingine zote. Haijui hii ni meli ya nani, wala haimkumbuki aliyeirusha. Vijana wengi wanaocheza michezo ya nyambizi hapa Kampala huichukulia kama silaha ya kumwokoa asiyejua kulenga: bonyeza, zama, subiri mlipuko. Ndiyo maana wanazimaliza bila kupiga kitu. Kazi ya nahodha ni kuhakikisha kwamba topido inapofungua masikio, adui ndiye mwenye kelele kuliko wote waliopo, na yuko mahali ambapo betri itamfikia.

Kelele zenyewe hutoka hasa kwenye rafadha, yale mapanga yanayozunguka nyuma ya meli na kuisukuma. Simama gatini Nakiwogo, Entebbe, wakati feri ya visiwa vya Ssese inaondoka, utaona maji ya nyuma yakichafuka na kuwa meupe. Kule chini, mapanga ya rafadha yanapokata maji kwa kasi, mgandamizo nyuma ya kila panga hushuka mno hadi viputo vidogo vinazuka. Viputo hivyo vikikutana tena na mgandamizo wa kawaida hupasuka, na kila kimoja kina mlio wake. Maelfu yakipasuka kwa pamoja, topido inasikia tangu mbali. Rafadha ikizunguka polepole, viputo havitokei. Ikisimama kabisa, topido inayosikiliza tu haina cha kufuata. Kwa hiyo meli iliyotia nanga, au iliyokwisha jeruhiwa ikazima injini, ipigwe kwa topido ya kawaida inayokwenda moja kwa moja. Kuirushia inayojiongoza ni kuitupa.

Maarufu kuliko zote za zamani ni T5 ya Wajerumani, waliyoiita Zaunkönig. Iliingia vitani Septemba 1943, Atlantiki ya Kaskazini, dhidi ya misafara ya meli za mizigo iliyoitwa ONS 18 na ON 202, na shabaha yake kuu ilikuwa manowari zinazosindikiza meli za mizigo. Ilikwenda noti 24 hivi, yaani kilomita 44 kwa saa, na betri yake iliweza kuisukuma kama mita 5,700. Kwenye Silent Hunter III, mchezo wa 2005 usiohitaji kompyuta ya bei kubwa, unaipata ukiwa umefika miezi ya mwisho ya 1943.

Kabla ya kuirusha, piga hesabu. Tuseme manowari iko mita 2,000 mbele yako, inakwenda noti 16, na imekupa mgongo. Topido inaizidi kwa noti 8, yaani inapunguza kama mita 247 kila dakika. Betri inaisha karibu na dakika ya nane, na hapo adui bado yuko mbele kwa mita mia moja hivi. Hata hatajua kama alifukuzwa. Sasa mgeuze manowari huyohuyo, awe anakujia wewe kutoka mita zilezile 2,000. Mwendo wa wawili unajumlishwa, noti 40, na wanakutana kabla dakika mbili hazijatimia. Silaha ni ileile, umbali ni uleule, lakini kilichobadilika ni upande ambao pua ya adui imeelekea. Hili wachezaji hulipuuza kuliko jambo lolote jingine, nami naliona ndilo la kwanza kujifunza: usiifukuzishe topido meli inayoondoka, isipokuwa iko karibu sana.

Na kulenga bado kupo. Masikio ya topido yako kwenye pua, yanasikia vizuri kilicho mbele na hafifu kilicho pembeni. Pima mwendo na uelekeo wa adui kama kawaida, rusha mbele yake pale atakapofika, uiache topido isahihishe kosa dogo. Ukikosea uelekeo kabisa, itampita kwa nyuma bila kumsikia.

Kuna jambo la kuogopa. Nyambizi yako nayo ina rafadha. T5 ilitengenezwa ikimbie kama mita 400 masikio yakiwa yamefungwa, ndipo ianze kusikiliza, ili isimgeukie aliyeirusha palepale. Juu ya hilo, manahodha wa Kijerumani waliamriwa wazame hadi mita 60 baada ya kurusha kutoka mirija ya mbele, au wanyamaze kabisa kama wamerusha kutoka nyuma. Mita 60 ni kina ambacho Ziwa Albert lote halina. Kwenye mchezo unaoiga mambo haya kwa uaminifu, fanya vivyo hivyo: topido ikitoka tu, punguza injini hadi mwisho, washa hali ya ukimya, zama. Usirushe ya pili nyuma ya ya kwanza kwa pupa, kwa sababu topido nayo ni kitu chenye rafadha na sauti, na ya nyuma inaweza kumfuata mwenzake.

Adui naye hakukaa kimya. Waingereza walitengeneza Foxer, vyuma vilivyokokotwa nyuma ya manowari na kugongana majini kwa kelele kubwa kuliko rafadha yenyewe, na topido ikaenda kulipuka huko au kuzunguka bure. Lakini Foxer ilikuwa na gharama: iliisumbua sona, yaani chombo cha kutafuta nyambizi kwa sauti, ya manowari iliyoikokota. Vaa hedifoni unapocheza. Ukisikia mgongano mkali wa vyuma badala ya mpigo wa rafadha, iache topido inayojiongoza kwenye mrija, ukijua pia kwamba kelele hiyo inakufichia wewe nafasi ya kusogea.

Kwenye michezo ya nyambizi za nyuklia, kama Cold Waters wa 2017, mambo yanaongezeka. Topido ya Kimarekani Mark 48 haisikilizi tu. Inaweza pia kupiga mlio wake na kungoja mwangwi. Sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho mita 1,500 hurudi baada ya sekunde mbili. Kwa njia hii hata nyambizi iliyonyamaza hupatikana. Ubaya ni kwamba mlio huo adui naye anausikia, na papo hapo atakaza mwendo, atageuka, atamwaga vyambo vya sauti, yaani vitu vya kuidanganya topido. Basi usiufungulie mapema. Mark 48 huvuta waya mwembamba unaoiunganisha nawe, na kwa waya huo unaiongoza kimyakimya. Ipeleke kwanza pembeni, mbali na mstari kati yenu wawili, ndipo uigeuzie kwake. Akigundua na kurusha yake kuelekea ilikotokea, itakwenda mahali ambapo haupo. Fungua mlio pale tu ambapo hana tena nafasi ya kukimbia. Ikidanganyika na chambo, igeuze kwa waya, ipitishe mbele ya chambo hicho, kisha iruhusu itafute upya. Waya hukatika ukikimbia sana au ukigeuka kwa nguvu, kwa hiyo vumilia kwenda polepole hata roho ikikudunda. Angalia pia tabaka la joto la maji, pale maji ya juu yenye joto yanapokutana na ya chini yenye baridi: sauti hupinda hapo, na topido iliyo juu ya tabaka humsikia kwa shida aliye chini yake. Ipangie kina cha upande alipo adui.

Pamoja na ujanja wote huu, topido ya kizamani haijapoteza kazi. Mei 2, 1982, nyambizi ya Uingereza HMS Conqueror iliizamisha meli ya Argentina General Belgrano, na watu 323 wakafa. Conqueror ilikuwa na Tigerfish, topido inayojiongoza, lakini nahodha alichagua Mark 8, muundo wa miaka ya 1920 unaokwenda moja kwa moja, kwa sababu aliuamini zaidi na baruti yake ilikuwa nzito zaidi. Meli kubwa, ya karibu, yenye njia isiyobadilika haihitaji masikio. Kwenye nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, yenye mirija minne mbele na mmoja nyuma, mimi hujaza za kawaida mbele kwa ajili ya meli za mizigo, na T5 naiweka mrija wa nyuma, kwa sababu manowari ya ulinzi itakuja ikikimbia kutoka huko huko nyuma, pua yake ikinielekea.