Mgeni wa siku mbili aliyefikisha miezi mitano

Ukikaa Dodoma, msimu wa usaili wa ajira za serikali unaujua kwa simu. "Shikamoo mjomba, nina usaili Jumatano, naomba nifikie kwako siku mbili tu." Mpwa wangu alifika kwangu, mtaa wa Nkuhungu, na begi dogo la mgongoni, akakaa miezi mitano. Kila nikigusia safari, jibu lilikuwa hilohilo: "Mjomba, nipo kwenye kanzidata," yaani orodha ya waliofaulu usaili wanaosubiri nafasi. Ushauri niliupata mwingi, na mwingi haukuwa wa kweli.

"Mgeni hafukuzwi." Basi, lakini methali inasema siku ya tatu mpe jembe. Jembe si kumfukuza. Maana yake ugeni umekwisha, sasa ni mtu wa nyumbani na ana zamu yake ya kazi. Hapa mjini jembe ni dumu la lita 20 siku ya mgao wa maji. Wanaoleta dini nao wasome hadithi ya Mtume mpaka mwisho: haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, kinachozidi ni sadaka, wala si halali akae mpaka amtie mwenyeji dhiki. Kipande hicho cha mwisho wageni hawakikariri.

"Akikaa sana atadai nyumba." Jirani alinitisha kwa ile miaka 12. Ukweli ni kwamba hiyo miaka 12 imo katika Sheria ya Ukomo, na ni muda wa kufungua shauri la kudai ardhi. Haimgeuzi mgeni kuwa mmiliki. Mahakama zetu zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba mwalikwa hawezi kumnyang'anya mwenyeji wake eneo, hata akae muda gani, hata apande mizabibu ua mzima. Cha kuangalia ni pesa. Anayenunua umeme wa LUKU mara mojamoja bado ni mgeni. Ukizoea kupokea kiasi kilekile kila mwezi kwa ajili ya chumba, atasema ni mpangaji, na mpangaji haondoki bila notisi.

"Vituko vitamwondoa." Hapa nyumba yangu ilishindwa vibaya. Mke wangu alificha sukari, kisha akapika ugali wa uwele na mlenda siku nane mfululizo. Kijana kakulia Mpwapwa. Alinenepa. Tukahamia kwenye kununa, na kununa kuna shida moja: mlengwa hakujua kama analengwa, tukaishia kununiana mimi na mama watoto.

"Ita polisi tu." Uliyemkaribisha mwenyewe hawi mhalifu kwa sababu umemchoka. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa hata aliyeingia kihalali akabaki isivyo halali, ila lazima awe na nia ya kutisha, kutukana, kuudhi au kutenda kosa. Kwa hiyo kwanza mwambie waziwazi aondoke, taja tarehe, na pawe na shahidi: mkubwa wa familia, na akigoma, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mabegi usiyatupe nje. Kikipotea kitu, wewe ndiye utakayeulizwa.

"Subira, ataondoka akipata kazi." Hii ndiyo iliyotuchelewesha zaidi. Majina ya kuitwa kazini hutangazwa mtandaoni, na aliye Mpwapwa anayasoma kwenye simu sawasawa na aliye Nkuhungu. Nilimwambia hivyo jioni moja, simu ikiwa mezani kwa sauti kubwa na dada yangu, mama yake, akisikiliza upande wa pili. Nikataja Jumamosi na kumpa nauli. Hakubisha. Kumbe katika miezi yote mitano hakuna aliyekuwa amemtajia siku.

Juzi kapiga tena. "Shikamoo mjomba, nimeitwa kwenye usaili mwingine."

"Marahaba. Unaondoka lini?"

"Mjomba, hata sijafika!"

"Najua. Unaondoka lini?"