Usivisage vile vikoko vyeupe kwenye bua la mahindi

Ukipasua bua lililobunguliwa, mara nyingine utamkuta kiwavi amenyauka, na pembeni yake fungu la vitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Wakulima wengi huvisaga kwa kidole wakidhani ni mayai ya bungua, yaani nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua. Huwa naumia nikiona hivyo. Ni vikoko vya nyigu, vifuko ambamo mabuu wake hugeuka kuwa nyigu kamili, na ndiye aliyemmaliza huyo kiwavi.

Nyigu huyo, Cotesia flavipes, ana urefu wa milimita tatu hivi na hamchomi mtu. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimleta kutoka Asia wakamwachia pwani ya Kenya mwaka 1993, amfuate Chilo partellus, bungua ambaye naye ni wa kutoka Asia. Jike huongozwa na harufu ya kinyesi cha kiwavi, ule ungaunga unaouona mdomoni mwa tundu. Huingia humo gizani, humchoma kiwavi na kumtia mayai 40 hivi kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya majike hung'atwa humohumo wakafa.

Kiwavi hafi siku hiyo. Anaendelea kula, huku mabuu wa nyigu wakikua ndani ya damu yake. Baada ya wiki mbili hivi hutoboa ngozi, hutoka na kufuma vikoko. Kiwavi huyo hatakuwa nondo kamwe.

Lakini kwa nini mwili wake haukuwakataa? Kwa kawaida chembe za damu ya kiwavi hukizingira kitu kigeni, tabaka juu ya tabaka, mpaka kife. Jike huliwahi hilo: pamoja na mayai humtia virusi vinavyotengenezwa kwenye ovari zake mwenyewe. Humo ndani havizaliani, kazi yake ni kuzilegeza zile chembe.

Silaha hiyo haifui dafu kwa kila kiwavi. Kwa Busseola fusca, bungua wa nyanda za juu, mayai ya flavipes huzingirwa yakafa. Hata Cotesia sesamiae, nyigu wa asili hapa Afrika, wa huku na wa kule hawatofautiani kwa sura, ila wa Kitale humuweza Busseola na wa Mombasa hamwezi. Ndiyo maana mtu akiniomba nyigu, kwanza namwambia aniletee kiwavi wa shambani kwake.

Na ukikuta vikoko, bua hilo usilichome wala usimpe ng'ombe. Liweke kivulini pembeni mwa shamba kwa wiki moja, nyigu watoke.