Kofia ya wakili wa Springfield

Mwaka 1850 Abraham Lincoln, wakili wa mji wa Springfield, Illinois, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alimwomba radhi wakili mwenzake kwa kuchelewa kumjibu. Barua aliitia ndani ya kofia yake kuukuu, kesho yake akanunua kofia mpya, ile ya zamani ikatupwa kando na barua ikasahaulika. Kofia ndiyo iliyokuwa kabati lake la majalada.

Illinois ilikuwa jimbo changa, limejiunga na Marekani mwaka 1818. Lincoln, ambaye siku zake zote za shule hazikutimia mwaka mmoja, aliazima vitabu vya sheria kwa wakili John Todd Stuart, akajisomea, akapata leseni mwaka 1836. Mwaka uliofuata wakafungua ofisi pamoja.

Wakati huo mahakama ndiyo iliyowafuata watu. Mara mbili kwa mwaka Jaji David Davis na mawakili, Lincoln akiwemo, walizunguka kaunti za Mzunguko wa Nane, yaani eneo lake la mahakama, ambazo wakati mmoja zilifika 14, kwa farasi au kigari, tope hadi magotini. Wateja walikuwa wakiwasubiri mjini, na kesi iliyopokewa asubuhi ingeweza kusikilizwa alasiri. Usiku mawakili walibanana wawili wawili kitandani. Davis, mtu wa kilo zaidi ya 130, alipewa kitanda chake mwenyewe.

Anayetarajia visa vya bastola atachoka upesi, maana zaidi ya nusu ya kesi za Lincoln zilihusu madeni. Fedha taslimu ilikuwa adimu, watu wakinunua kwa hati ya ahadi ya kulipa.

Hata utumwa uliingia mahakamani kwa mlango huohuo. David Bailey alimnunua Nance, mwanamke mweusi, kwa hati kama hiyo, kisha akagoma kulipa kwa kuwa muuzaji hakuleta nyaraka za kuthibitisha kwamba Nance alikuwa chini ya mkataba wa utumishi, yaani wa kumtumikia bwana kwa muda uliowekwa. Warithi wa muuzaji wakashtaki. Mwaka 1841 Lincoln alimtetea Bailey, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua: Illinois kila mtu huhesabiwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kumuuza mtu huru ni haramu. Deni likafutika, na Nance akawa huru.

Wanaompenda Lincoln huishia hapo. Mimi naona haifai, kwani mwaka 1847 alisimama upande wa Robert Matson wa Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa, aliyetaka kumrudisha utumwani Jane Bryant na watoto wake wanne. Alishindwa. Jane na wanawe wakatoka mahakamani wakiwa huru.