Anatomia si kumeza majina ya mifupa 206

Wengi huamini anatomia ni somo la kukariri: unameza majina ya mifupa 206, unafaulu mtihani, basi. Mwaka wa kwanza kukariri kupo, tena kwingi. Ila jaribu hili sasa hivi. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kidogo kifundo cha mkono. Huenda ukaona kano imechomoza katikati, kama kamba iliyovutwa chini ya ngozi. Huioni? Usihofu, wapo wengi waliozaliwa bila msuli wenye kano hiyo, na mkono wao unafanya kazi vizuri tu. Wapasuaji huichukua kano hiyo kutengenezea nyingine iliyokatika.

Ndiyo maana mwanafunzi huduwaa mbele ya meza ya maiti: mshipa uliochorwa hapa kitabuni, yeye anaukuta kule. Kitabu huchora mwili wa wastani, na sijui nani anao.

Wengine huuliza mtu wa uzamili au uzamivu anatafiti nini, ilhali daktari Vesalius alishachapisha michoro yake ya mwili wa binadamu mwaka 1543. Swali halali. Lakini ni mwaka 2015 tu watafiti walipoonyesha wazi mishipa ya limfu (majimaji yanayobeba chembe za kinga ya mwili) kwenye tando zinazofunika ubongo wa panya, mahali ambapo vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba haipo. Katika ngazi hiyo mtu hahangaiki tena na "hiki kinaitwaje". Anafuatilia kiinitete kinavyojijenga, au kwa nini mshipa ule umepita njia yake mwenyewe. Majina mengine huwa ameshayasahau, akikwama anafungua kitabu.