Kripta: chumba cha maziko chini ya kanisa

Kripta ni chumba kilichojengwa chini ya kanisa, mara nyingi kwa matao ya mawe, ambamo majeneza hupangwa bila kufukiwa udongo. Hapo ndipo inapoachana na kaburi. Kaburi likishafukiwa, yamekwisha. Kripta ina mlango: familia yenye chumba chake ilikifungua kila ilipofiwa, ikalipandisha jeneza jipya juu ya lile la babu.

Kwa kuwa hakuna udongo, kinachobaki kuamua hali ya maiti ni hewa. Mahali penye unyevu mwili huoza upesi na kuacha mifupa. Mahali pakavu ngozi hukauka juu ya mifupa, ikawa kama ngozi iliyowambwa juani.

Haya yalionekana wazi katika kanisa la St Michan's, Dublin, nchini Ireland. Lilianzishwa mwaka 1095, ingawa jengo la sasa ni la miaka ya 1680. Ili uingie kwenye kripta zake hupiti ndani ya kanisa. Milango ya chuma hufunguliwa nje, usawa wa ardhi, kisha unashuka ngazi za mawe nyembamba zenye mteremko mkali. Kuta za mawe ya chokaa ziliiacha hewa ikiwa kavu, na majeneza ya mbao yalipoporomoka, miili iliyokauka ikabaki wazi. Mmoja ulijulikana kama wa askari wa vita vya msalaba, unaosemekana kuwa na umri wa miaka 800. Wageni walikuwa wakimgusa kidole kutafuta bahati. Mimi naona hilo halikufaa kabisa. Yule alikuwa mtu, na mafuta ya mikono huidhuru ngozi kavu namna ile.

Humo pia wamelazwa ndugu wawili, Henry na John Sheares, walionyongwa mwaka 1798 kwa kushiriki harakati za uasi dhidi ya utawala wa Uingereza.

Mwaka 2019 kichwa cha askari yule kiliibwa, kikapatikana baadaye. Kisha Juni 2024 moto uliwashwa ndani ya kripta, na miili ile mashuhuri ikaharibiwa na moto pamoja na maji ya kuuzimia. Unyevu ambao mawe yale yaliuzuia vizazi na vizazi uliingia kwa siku moja.