Kompyuta ya rafuni siyo kompyuta ya rafu

Juzi tena nimemsikia jamaa kijiweni anawaambia wenzake eti vile visetilaiti vidogo vya kutazama nyota "vinatumia kompyuta ya rafu, ndo maana vinakufa mapema", wote wakaitikia, mi nikanyamaza maana chai ilikuwa ya moto na nshachoka kubishana. Sasa naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Kompyuta ya rafuni ni ile ambayo prosesa, memori na sensa ya kamera havikutengenezwa kwa ajili ya anga za juu, vimetengenezwa kwa ajili ya simu, magari, mashine za viwandani, unaagiza, unalipa, unafunga. Basi.

Kinachoniudhi ni hilo neno. Sisi rafu tunazo mbili. Moja imetoka kwa Waarabu, ni ule ubao wa ukutani ambao Mangi ananyoosha mkono akushushie sabuni, ya pili tumeichukua kwa Waingereza, ni ile anayocheza beki akikosa mpira akaondoka na mguu. Kitu kikiitwa cha rafuni inasemwa ile ya kwanza, na haina habari ya ubovu kabisa, ni kama nguo tu: kuna ya kupeleka kitambaa kwa fundi akakupima mabega, na kuna ya kununua imeshashonwa. Hiyo ya dukani inaweza ikakukaa poa kuliko ya fundi (nani hajawahi kuharibiwa kitambaa?), ila haikupimwa mwilini mwako, kwa hiyo kupunguza mikono ni kazi yako.

Ya kushonesha ni kama RAD750, prosesa iliyomo kwenye darubini ya anga za juu ya James Webb. Imekomazwa dhidi ya mionzi lakini inakwenda megahezi 118 tu, simu yako ya kawaida inaipita zaidi ya mara 10. Na hata hiyo mchoro wake umetokana na PowerPC 750, prosesa iliyokuwa ndani ya iMac za 1998! Kwa hiyo hata fundi alianza na pateni ya dukani.

Sasa huko juu inakuwaje. Chukua pikseli moja imeandika mwanga wa nyota 212. Chembe ya mionzi inapita kwenye memori, inageuza biti moja, sifuri inakuwa moja, na 212 inasomeka 1236. Hakuna moshi, hakuna kilichoungua, ila mtu wa nyota akiamka asubuhi anakuta nyota yake imewaka ghafla. Hapo ndo mikono inapopunguzwa: zinapigwa picha nyingi zinalinganishwa, yenye namba ya ajabu inatupwa, memori inajikagua, halafu kuna kisaa mlinzi ambacho programu lazima ikiguse kila baada ya muda mfupi, ikizubaa kinazima kila kitu na kuwasha upya. Ndiyo, dawa ileile ya fundi simu. Kuna na ile ya umeme kujifunga ndani ya chipu, hiyo inaunguza kweli usipoukata haraka, sitadanganya. Lakini mionzi haichagui, hata darubini ya anga ya Hubble yenyewe, ambayo hakuna atakayeiita ya dukani, ikipita juu ya Atlantiki ya kusini karibu na Brazili, ambako mionzi imejaa, inasimamisha vipimo vyake mpaka ivuke.

Na hilo la kufa mapema, sikatai, kisetilaiti PicSat cha Wafaransa kilirushwa Januari 2018 na Machi kikanyamaza. Ila iko pia ASTERIA ya Wamarekani, kiboksi cha sentimita kama 10 kwa 20 kwa 30, kilo 10 hivi, sensa ya kamera yake ya dukani kabisa. Waliiachia kutoka kituo cha anga cha kimataifa Novemba 2017, ikapangiwa siku 90, ikapiga kazi mpaka Desemba 2019, na katikati hapo ikainasa sayari 55 Cancri e inapita mbele ya nyota yake, ambapo mwanga unapungua kama sehemu 4 tu kwenye 10,000. Beki gani wa rafu ana utulivu huo?

Kwa hiyo kaka, ukirudi kijiweni sema tu "ya dukani", na kama unapenda "ya rafuni" pia sawa, ila hiyo -ni ya mwisho usiidondoshe.