Treni kuacha reli: kwa nini za mizigo zilianguka sana zamani

Treni huacha reli gurudumu linapopanda juu ya chuma na kuvukia nje, au linapodumbukia katikati kwa sababu reli zimetanuka au zimevunjika. Kinacholishikilia ni ukingo wa upande wa ndani wa gurudumu, wenye kina cha sentimita 3 hivi. Makaa, mbao na chuma, tani kwa tani, vyote vinategemea ukingo huo.

Tukisikia treni imeanguka, wengi wetu tunafikiria mwendo kasi. Enzi za mwanzo tatizo kubwa lilikuwa njia yenyewe. Tarehe 21 Februari 1804, huko Wales, injini ya mvuke ya mhandisi Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 kutoka Penydarren hadi Abercynon, karibu kilomita 16, kwa saa 4 na ushee. Mtu wa miguu angeweza kuongozana nayo. Hata hivyo njia haikuhimili. Ilikuwa ya vipande vifupi vya chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), vilivyowekwa kwa ajili ya mabehewa ya farasi, na chuma cha namna hiyo hakipindi, hukatika. Baada ya safari chache kazi ikarudishwa kwa farasi.

Marekani ya miaka ya 1830 ilikuwa na hatari yake. Chuma kilikuwa ghali, kwa hiyo njia nyingi zilijengwa kwa magogo yaliyochongwa, juu yake ukapigiliwa ukanda mwembamba wa chuma. Kila mzigo mzito ulipopita, ukanda ulijikunja na misumari kulegea, mpaka ncha ikainuka. Gurudumu likiingia chini yake, ukanda ulitoboa sakafu ya behewa. Wafanyakazi waliziita ncha hizo vichwa vya nyoka.

Kona nazo zilisumbua, kwa kuwa injini za Uingereza hazikupinda vizuri kwenye njia mbovu za Marekani. Mwaka 1832 mhandisi Mmarekani John B. Jervis aliweka mbele ya injini kigari cha magurudumu manne kinachozunguka chenyewe na kuiongoza kwenye kona. Kwangu mimi, huyu anastahili sifa kuliko anazopewa.

Reli nayo ikaja kuwa ya chuma cha pua, yaani feleji. Ya kwanza ilitandikwa mwaka 1857 katika stesheni ya Derby, Uingereza, mahali ambapo reli za awali zilibadilishwa kila miezi 6 hivi. Hiyo ilidumu hadi 1873.